Logbuku haionekani, na mnunuzi ameshanipa arabuni

BARUA

Assalaam aleikum Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 57, naishi Kisauni, mjane tangu 2019. Asubuhi napika mahamri na mbaazi, watu hununua hapo hapo mlangoni, na ikifika saa nne nimeshaosha masufuria. Nina watoto watatu. Binti mkubwa ameolewa Malindi. Kijana wa katikati ana miaka 26, bado yuko nyumbani. Kitindamimba, naye ni msichana, yuko chuo cha uuguzi, mwaka wa pili.

Marehemu alituachia gari aina ya Probox. Alilinunua 2015 kwenye yadi hapa hapa Mombasa, alipostaafu bandarini. Pesa nyingine zilikuwa kiinua mgongo chake, na nyingine zilitoka kwenye mchezo wetu wa akina mama wa kuchangiana pesa, kwani zamu yangu ilikuwa imefika. Siku lilipoletwa nyumbani aliwaambia majirani, "Hili gari la mke wangu, mimi dereva tu." Tukacheka. Mimi kuendesha sijui mpaka leo. Alipofariki nikatafuta dereva, akawa anawabebea wachuuzi mizigo kutoka soko la Kongowea na kuniletea hesabu kila jioni, mpaka mwaka jana alipopata kazi Qatar akaondoka. Tangu hapo gari limekaa uani. Magurudumu mawili yameshuka upepo, na kuku wanatagia chini yake.

Karo ya chuo imenizidi, nikaamua niliuze. Dalali wa mtaani, tunayejuana naye miaka mingi, aliniletea mnunuzi, mwalimu wa Mtwapa, mtu mpole. Wakalikagua, wakaleta betri, wakaliwasha, likawaka. Tukakubaliana Sh430,000. Mwalimu akanipa arabuni ya Sh50,000, tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari, na pesa hizo nikazipeleka chuoni wiki hiyo hiyo. Zilizobaki alisema atazitoa siku ya kubadilisha jina.

Nilipokwenda kuitoa logbuku, hati ya usajili wa gari, kashani sikuiona. Kasha lenyewe ni la mvule, la mamangu. Ndani mna leso zangu za harusi, vyeti vya watoto, cheti cha kifo cha marehemu, na bahasha ya kaki ya mambo ya gari. Bahasha ipo. Mna risiti za yadi na karatasi za bima za miaka iliyopita. Logbuku haimo. Ramadhani hii nilifungua kasha kutoa vikombe vya wageni, na bahasha niliiona, lakini siwezi kuapa kwamba niliichungulia ndani. Ufunguo hukaa juu ya kabati, kila mtu wa nyumbani anajua.

Sasa nikwambie linaloniumiza. Kijana wangu alichukua tuktuk kwa mkopo, malipo yakamshinda, ikachukuliwa mchana kweupe pale stejini, wenzake wanaona. Baada ya hapo alikopa kwa watu, sijui ni nani. Siku chache baada ya Idi alikuja mwanamume nisiyemjua, akaniuliza, "Kijana yupo?" Nikamwambia hayupo. Akalizunguka gari, akainama mbele, akaipiga picha namba kwa simu yake, akasema asante mama, akaenda zake. Nilipomuuliza kijana logbuku iko wapi, hakunitazama. Alinijibu, "Mama, karatasi zako mwenyewe huzijui ulikoziweka." Tangu siku hiyo anakuja kulala tu. Chakula anakula nje.

Dadangu anasema kikulacho ki nguoni mwako, niende polisi nimtaje, wamtie ndani siku mbili, atasema yote. Dalali anasema njia rahisi ipo: niende kituoni niseme imepotea, nipewe abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kitu kilichopotea, tuombe logbuku nyingine, gari liuzike. "Kupotea si dhambi, mama." Na kama sitaki mlolongo, anasema mwalimu anaweza kulichukua gari kwa maandikiano tu, jina libadilishwe baadaye. Mwalimu mwenyewe bado hajui kwamba logbuku haipo.

Nikisema imepotea, na moyo unaniambia haikupotea, si nimedanganya serikali? Nikimtaja mwanangu, nimemfunga kwa mkono wangu. Arabuni sina ya kurudisha, imeshaingia chuoni. Binti wa Malindi hajui lolote na naogopa kumwambia, ulimi wake mkali. Akaunti ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, ninayo, lakini alinifungulia kijana huyo huyo nilipotaka pasipoti ya kwenda umra, na mimi kuingia sijui. Nifanyeje?

Mama wa Kisauni


JIBU

Waaleikum salaam warahmatullah, dada yangu.

Pole. Umebanwa kila upande. Mwalimu wa Mtwapa amekupa pesa zake kwa imani na hana habari ya lililotokea. Gari halibadilishwi jina bila karatasi. Na ndani ya nyumba mna kijana asiyetaka tena kukaa kwenye jamvi na mamake. Wanaokushauri kila mmoja ameshika lake: dalali ameshika karatasi kwa sababu ndipo ilipo komisheni yake, dadako amemshika kijana. Mwalimu hana wa kumsemea. Wewe ndiye unayelala na yote.

Kabla hatujamgusa mwanao, nataka nikuulize jambo ambalo barua yako imelipita haraka. Umenieleza maneno ya marehemu mbele ya majirani, na pesa za mchezo wako zilizoingia kwenye gari. Hukunieleza kama umewahi kuifungua logbuku ukalisoma jina lililoandikwa. Huenda ni lako. Lakini wanawake wengi wa rika letu tuliwekewa bahasha kashani tukaambiwa "hii yako", tukaamini, tukafunga kasha.

Jina hilo ndilo linaloamua kila kitu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Na jina liko kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya serikali inayoandikisha magari, hata kama karatasi imeliwa na mchwa. Ukiwa na namba ya gari tu, unaweza kuomba maelezo yake kupitia eCitizen, na kama mitandao huiwezi, nenda Huduma Centre pale Posta, Barabara ya Digo, ukasaidiwe. Ada yake haifiki elfu moja. Utaletewa jina la mwenye gari, na kama kuna mkopo wa benki au wa taasisi uliofungwa rasmi kwenye gari hilo, kwa kawaida jina la mkopeshaji huandikwa pamoja na la mwenyewe. Kufanya hivyo hakumshtaki mtu yeyote.

Tuseme limetoka jina la marehemu.

Hapo mambo yanabadilika sana, na abstrakti ya dalali haina kazi tena, kwa sababu logbuku mpya huombwa na mwenye jina, naye yuko kaburini. Gari linakuwa mirathi, na litauzwa kwa amri ya mahakama. Sisi Waislamu tuna Mahakama ya Kadhi kwa mambo ya mirathi, imo ndani ya Katiba ya 2010. Utaratibu wa kawaida ni kwamba madeni hutolewa kwanza (na mahari, kama marehemu alikubakishia, nayo ni deni lako kwake), kisha wasia kama aliuacha, kisha mafungu. Mke mwenye watoto hupata thumuni, yaani moja ya nane. Kama wazazi wa marehemu walimtangulia, kinachobaki ni cha watoto, na mwana wa kiume anapata mafungu mawili ya wa kike.

Nimeipiga hesabu kwa bei yako ya Sh430,000, tukichukulia hakuna deni. Thumuni yako ni Sh53,750. Kila binti anapata Sh94,062 na senti zake. Kijana anapata Sh188,125.

Tazama tarakimu hizo kwa utulivu. Fungu lako ni ile arabuni uliyokwisha kuipokea na elfu tatu na kitu juu yake. Na mwenye fungu kubwa kuliko wote ni huyu tunayemshuku. Hilo halimpi ruhusa ya kuchukua karatasi kashani kimyakimya. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inamkataza mtu yeyote kuichezea mali ya marehemu kabla hajapewa mamlaka, na mrithi naye amo. Lakini kifungu hicho hicho kinamhusu pia anayeuza gari na kupokea arabuni, hata kama ni mke na nia yake ni karo ya binti wa marehemu mwenyewe. Hapo kutakuwa hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole kwa raha.

Una hoja zako pia, na usiziache. Pesa za mchezo zilikuwa zako kabla hazijawa gari, na sehemu yake unaweza kuidai kabla ya mafungu kugawanywa. Na yale maneno ya marehemu uani, kama yalikuwa hiba (zawadi) ya kweli, kadhi atataka kujua: alitoa, ukapokea, ukakabidhiwa? Au ilikuwa furaha ya mtu aliyeleta gari jipya nyumbani? Majirani waliokuwapo bado wako hai? Mimi si kadhi, dada yangu. Nakutajia tu yatakayoulizwa ili ukienda uende umejitayarisha.

Sasa tuseme limetoka jina lako, na nakuombea iwe hivyo.

Basi gari ni lako na hakuna wa kukuzuia kuliuza. Lakini hapo nitakuomba uitazame ile akaunti kabla ya kuendelea kuitafuta karatasi. Siku hizi logbuku peke yake haihamishi gari. Muuzaji huanzisha uhamisho akiwa ndani ya akaunti yake, na mnunuzi hukubali akiwa ndani ya yake. Aliyechukua logbuku bila akaunti ana karatasi tu mkononi. Mwenye neno la siri na simu inayopokea ujumbe wa kuthibitisha, huyo ndiye anayeweza kulihamisha gari lako ukiwa jikoni unakanda unga. Akaunti yako ilifunguliwa kwa namba ya simu ya nani? Neno la siri analijua nani zaidi? Chukua kitambulisho chako uende ukasaidiwe kuiweka namba yako na neno ulilolichagua mwenyewe. Ningekwambia hivyo hata kama mwanao angekuwa imamu.

Na tukifika kwa mwanao, twende polepole, kwa sababu ushahidi ulioniandikia unaweza kusomeka kwa namna nyingine. Umesema kuiona bahasha Ramadhani, na ukasema kwa uaminifu kwamba hukuchungulia ndani. Kwa hiyo hatujui logbuku ilitoka lini. Gari lilikuwa la kubeba mizigo, na gari la biashara hupelekwa ukaguzi kila mwaka na kukatiwa bima. Nani alikuwa akizipeleka karatasi hizo? Kama ni yule dereva, ulimwona akiirudisha logbuku kashani, au alikupa bahasha ukaiweka kama ilivyo? Qatar si mbali kwa WhatsApp. Muulize kwa upole kabla hujamhukumu aliye karibu, ambaye kosa lake linaloonekana mpaka sasa ni kukaa karibu na ufunguo.

Yule mwanamume wa kupiga picha namba nimemfikiria sana. Anaweza kuwa mkopeshaji aliyekuja kuikagua dhamana yake. Anaweza pia kuwa dalali mwingine aliyesikia Probox inauzwa akaulizia kijana wa nyumba, maana Kisauni gari halikai uani bila watu kulipigia hesabu. Wakati huo ulikuwa umeshatangaza kwamba unauza? Na macho aliyoinamisha mwanao pia yana maana zaidi ya moja. Kijana aliyepokonywa tuktuk mbele ya wenzake, kisha mamake akamuuliza karatasi iko wapi kwa sauti yenye jibu tayari ndani yake, anaweza kukwepa kukutazama kwa hatia. Anaweza pia kukwepa kwa sababu ameona umeshamaliza kesi.

Tukubali kwamba inawezekana kweli ameiweka rehani. Mtu hawezi kuweka rehani mali isiyo yake, na mkopeshaji aliyepokea logbuku yenye jina la mama wa mkopaji bila kumwita huyo mama, anajua alichokifanya. Ukiomba nyingine ukapewa, ile aliyonayo itabaki karatasi ya kufungia bajia. Lakini deni halifi kwa sababu karatasi imekufa. Atamgeukia aliyempa, na wakopeshaji wa mtaani hawaendi mahakamani. Ningependa ulijue hilo kabla logbuku mpya haijatoka, ili lisije likakukuta mwalimu ameshaondoka na gari na kijana anatafutwa usiku.

Kuhusu polisi, umejiwekea njia mbili tu: kudanganya au kumtaja mwanao. Ipo nyingine, nayo ni kueleza unachokijua na kukomea hapo. Iliwekwa kashani, sijaiona tangu wakati fulani, leo haipo, sijui iko wapi. Askari ataandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni, atakupa namba, na abstrakti itafuata. Halazimiki mtu kutaja jina kwa dhana. Kama leo ungeyasema maneno hayo, ungekuwa umesema kweli.

Lakini angalia mtego uliomo. Kesho kijana akikuambia "iko kwa fulani", maneno yale yale yanageuka kuwa uongo. Kumwambia ofisa wa serikali kwamba kitu kimepotea ilhali unajua kilipo ni kosa la jinai, na abstrakti ya namna hiyo ikija kufichuka, uhamisho wote unaingia shakani, mwalimu naye ndani yake. Kwa sababu hiyo wapo watakaokunong'oneza: usimuulize tena kijana, nenda kituoni ukiwa hujui. Ujanja huo naufahamu, na nakiri una mantiki yake. Hatari yake ni kwamba mkopeshaji akijitokeza na logbuku yako mkononi, swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini hukuanza kuulizia nyumbani. Na kwa barua hii uliyoniandikia, sidhani wewe ni mtu wa kulala vizuri na jambo ulilojizuia kulijua.

Ukimuuliza, yapo pia yanayoweza kuharibika. Anaweza kukana na kuondoka kabisa. Anaweza kukubali, ukajikuta unatakiwa kulipa deni lake kwa pesa za karo ya dadake, na hapo utakuwa umemwokoa mmoja kwa mgongo wa mwingine. Anaweza kukubali na mkaenda pamoja kwa mkopeshaji, na mtu wa tatu mwenye heshima, mjomba wake labda, mkakubaliana logbuku irudi na deni lilipwe kidogo kidogo na aliyelichukua. Nimeona nyumba zilizofanya hivyo na zikasalimika. Nimeona pia mkopeshaji akiona mama amekuja, akapandisha bei.

Kama utazungumza naye, fikiria utaanzaje. "Logbuku iko wapi?" umeshauliza, na jibu ulilipata. Jaribu "Mwanangu, unadaiwa kiasi gani?" Kisha unyamaze. Mwachie nafasi ya kujibu, hata ukimya ukirefuka mpaka ukutie wasiwasi. Asubuhi wakati wa mahamri si wakati mzuri, wateja wako mlangoni. Usiku anaporudi, nyumba imetulia, sahani yake imefunikwa mezani kama zamani, huenda ikawa afadhali. Wewe unamjua kuliko mimi.

Dadako anakupenda, na hasira yake naielewa. Lakini siku mbili za seli haziagizwi kama mandazi. Malalamiko yakishaandikwa, wewe si mwamuzi wa lini yaishe, na mama akitaka kuyafuta huambiwa asubiri. Ikiwa itathibitika kwamba kijana ameiba na hataki kusikia, njia hiyo bado ipo, haikimbii. Kuitumia kabla ya kulisoma jina kwenye rekodi, ambalo huenda likawa la babake, ni kuharakisha.

Nimemchelewesha mwalimu, naye ndiye asiye na kosa hata moja katika habari hii. Namsihi dalali wako asiniudhi tena kwa hilo la "jina baadaye". Sheria hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kuandikishwa, na muuzaji ana siku 7 za kutoa taarifa ya mauzo. Mwalimu akiligonga gari kwenye barabara ya Malindi kabla ya hapo, watakaofuatiliwa kwanza ni wenye jina kwenye rekodi. Bima nayo iliandikiwa mtu mwingine, na kampuni ya bima haikosi sababu inapotaka kukataa kulipa. Yeye kwa upande wake atakuwa amelipa laki nne na thelathini kwa gari ambalo binti wa Malindi, ikiwa ni mirathi, anaweza kuja kulisimamisha. Na huyo binti, ulimi wake uwe mkali vipi, kama ni mirathi ana haki ya kuambiwa kabla ya mnunuzi.

Mweleze mwalimu. Si lazima umwambie habari za kijana. Mwambie logbuku haijapatikana, unafuatilia, itachukua muda, na umpe nafasi ya kuchagua: asubiri mpaka tarehe mtakayoiandika, au umrudishie arabuni yake kidogo kidogo kutoka kwenye biashara yako. Anaweza kukasirika na kudai zote leo, na hilo litakubana, sikufichi. Anaweza pia kusubiri, kwa sababu Probox inayowaka kwa bei hiyo haiokotwi. Vyovyote, akilisikia kwako itakuwa nafuu kuliko akilisikia mtaani, na Mtwapa na Kisauni ni pua na mdomo.

Kwa hiyo nikuache na kazi moja kwa wiki hii, nyingine zitasubiri: ipeleke namba ya gari uletewe jina. Likitoka, niandikie tena. Huenda nusu ya haya niliyoyaandika ikawa haikuhusu, na ile nusu nyingine tukaizungumza kwa kirefu.